Mstari wa kijani hauwahusu vyura

"Mama, hii ina mstari gani?" Kwenye duka langu la pembejeo hapa Ifakara hakuna swali ninaloulizwa kama hilo. Mteja akipewa chupa ya dawa huigeuza kwanza aone rangi iliyo chini ya lebo. Nyekundu anairudisha haraka. Njano anaishika akiwaza. Bluu na kijani anatoa hela. Nafurahi kwamba somo hilo limeingia, maana nakumbuka miaka ambayo dawa ilipimwa kutoka kwenye dumu ikatiwa kwenye chupa ya soda, haina jina wala maelekezo, ikapelekwa nyumbani na kuwekwa uvunguni mwa kitanda wanacholalia watoto.

Ila rangi hiyo inamzungumzia mtu. Inaeleza dawa itamdhuru kiasi gani mtu aliyeinywa au aliyemwagikiwa kwenye ngozi, na kipimo chake kimetokana na majaribio yaliyofanywa hasa kwa panya. Chura hakuwamo. Samaki naye hakuwamo. Mkulima anayeamini kwamba chupa ya kijani ni dawa pole hajakosea sana akiwafikiria mkewe na wanawe. Akimfikiria kiluwiluwi aliyeko kwenye jaruba, imani hiyo haina msingi.

Msimu huu nimekuwa nikiwaeleza wateja jambo hili mmoja mmoja, na kila mara walio nyuma wanaanza kuniharakisha kabla sijafika mbali. Basi nimeliandika hapa kwa kirefu.

Anzeni na ngozi. Chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi. Chini ya tumbo, karibu na mapaja, ana sehemu ya ngozi laini ambayo huibana kwenye udongo wenye unyevu, na maji yanapita hapo kuingia mwilini. Sehemu ya hewa anayopumua nayo hupita kwenye ngozi. Kwa hiyo kilichoyeyuka kwenye tope alilokalia kinaingia naye. Mayai yake hayana ganda, yamezungukwa na ute tu. Kiluwiluwi yeye yumo ndani ya maji mchana na usiku, anapumua kwa matamvua, na hana pa kukimbilia maji yakibadilika.

Mwaka 2005 mtafiti Rick Relyea wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, alichapisha matokeo ya majaribio yake na dawa ya magugu yenye glaifoseti, ile ambayo huku kila mtu anaiita kwa jina moja bila kujali imetoka kiwanda gani. Aliitia kwenye matangi ya maji yenye viluwiluwi. Ndani ya wiki tatu 98% walikuwa wamekufa. Akawapulizia pia vyura wadogo waliokwisha kutoka majini, na baada ya siku moja tu 79% walikuwa wamekufa. Aliyeshukiwa zaidi kwenye vifo hivyo hakuwa glaifoseti yenyewe. Ni ile sabuni inayochanganywa ndani ili dawa ishike kwenye jani isitiririke. Waliopinga utafiti huo walisema dawa ile haikusajiliwa kupuliziwa juu ya maji, kwa hiyo jaribio halikufuata matumizi halali. Hoja hiyo naielewa. Lakini twendeni shambani. Mkulima wa mpunga anaipiga dawa hiyo kwenye kingo, kwenye mfereji, na kwenye jaruba lililojaa majani kabla ya kulima, kisha zamu yake ya maji ikifika anafungulia. Kati ya nchi kavu na maji hapo kuna siku chache tu, na kukinyesha kuna saa chache.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Wajerumani, uliotoka mwaka 2013. Walichukua bidhaa saba zilizokuwa zikiuzwa kihalali na kuwapulizia vyura wadogo wa Ulaya kwa kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye lebo. Iliyokuwa kali kuliko zote, dawa ya ukungu, iliwaua wote ndani ya saa moja. Hata ile iliyowaua wachache iliua 40% ndani ya siku saba. Nasema umenigusa kwa sababu kila siku mimi huwaambia watu: fuata kipimo, usizidishe kifuniko, usichanganye dawa mbili kwenye bomba moja. Hayo nitaendelea kuyasema, maana bado ni kweli kwa afya ya anayepulizia na kwa mfuko wake. Lakini kipimo sahihi hakimlindi chura aliyekaa kwenye nyasi unazozipulizia.

Na kuna atrazini, dawa ya magugu inayotumika kwenye mahindi na miwa sehemu nyingi duniani. Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley alieleza mwaka 2002, na tena mwaka 2010, kwamba kiasi kidogo sana cha atrazini kwenye maji kinavuruga maumbile ya uzazi ya chura dume. Katika utafiti wa 2010, mmoja kati ya madume kumi waliolelewa kwenye maji hayo aligeuka jike kabisa na kutaga mayai. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikuwa imetangaza mwaka 2007 kwamba haioni madhara hayo, na mvutano umeendelea miaka mingi. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2003 kuiondoa atrazini sokoni, kwa sababu ya kuikuta kwenye maji ya ardhini. Chura aliyetumika kwenye majaribio hayo ni Xenopus laevis, mwenye asili ya Afrika. Jamaa yake wa karibu, Xenopus muelleri, yumo kwenye madimbwi yetu, yule bapa mwenye kucha nyeusi miguuni ambaye watoto humkuta wanapovua kwa chandarua.

Sasa niliseme bonde lenyewe, maana watu wengi wanalijua kwa sheshe, yule swala, na tembo, na wachache kwa jingine lolote. Bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ya maeneo oevu muhimu duniani, karibu kilomita za mraba 8,000 za ardhi oevu. Mimi ni mtoto wa humu. Shamba la baba lilikuwa ng'ambo ya mto, enzi za kivuko, na mpunga wake ulikuwa wa mvua na mafuriko. Mvua zikikolea unapandwa, maji ya mto yanapanda taratibu mpaka yanaufunika udongo, yanakaa miezi, halafu yanashuka kuelekea Juni. Mavuno ni mara moja kwa mwaka. Sikumbuki baba akinunua dawa ya magugu. Tulipalilia kwa mikono, mama na sisi watoto, na sitamani mtoto wa mtu yeyote airudie kazi ile, na mgongo wake, na ruba wake. Naliweka wazi hili mapema kwa sababu nikianza kusema habari za vyura kuna watakaodhani nataka turudi huko.

Usiku, kwenye dungu la kulindia mpunga, kulala kulikuwa kazi kwa sababu ya kelele. Walioanza jua likizama ni vyura wa matete, wadogo kuliko kidole gumba, sauti zao kama chupa zinazogongwagongwa kwa kijiko, mamia kwa pamoja. Kati yao yumo mmoja, Hyperolius reesi, aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 1975 na Mdenmark Arne Schiøtz, naye anajulikana kutoka bonde hili la Kilombero tu. Sheshe ana jamaa zake Zambia. Huyu mdogo hana kwingine, na sijawahi kusikia akitajwa kwenye mkutano wowote wa kijiji.

Yupo pia chura wa povu, Chiromantis, wa rangi ya kijivu, anayeweza kukaa juani kwenye ubao wa mlango mchana kutwa bila kukauka. Jike hupanda kwenye tawi linaloning'inia juu ya maji, akatoa ute na kuupigapiga kwa miguu mpaka uwe povu, akataga humo. Juu ya povu panakauka, ndani panabaki na unyevu, na baada ya siku chache viluwiluwi wanadondoka majini. Afrixalus yeye huchukua jani la nyasi lililosimama majini, akataga juu yake, kisha akalikunja na kuligundisha ili mayai yafichike. Na kuna Hemisus, mnene, mwenye pua iliyochongoka, anayechimba kwa kichwa. Mama huchimba chumba kwenye tope karibu na dimbwi, akalinda mayai chini ya ardhi mpaka mvua ifike na kuwapeleka watoto majini.

Nimewaeleza hawa watatu kwa makusudi. Hakuna hata mmoja kati yao anayetaga kwenye maji matupu. Mmoja anataka tawi, mwingine anataka jani lililosimama, wa tatu anataka ukingo wa tope ambao haujavurugwa. Wakishatoka kwenye mayai wanataka maji yanayokaa wiki kadhaa bila kukatika. Ukiwaondolea chochote kati ya hivyo, unaweza kuacha dawa zote dukani kwangu na bado wasiwepo mwaka unaofuata.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaolizungumzia jambo hili. Wanatafuta chupa ya kulaumu. Mimi nauza chupa, na najua mtu anaweza kusema najitetea, lakini nayatembelea mashamba ya wateja wangu na nasema ninachokiona: kwenye mpunga wa umwagiliaji, ratiba ya maji na usafi wa kingo vinawaondoa vyura kabla dawa haijafika. Dawa inakuja kuwamalizia waliobaki.

Skimu kama Mkula, Njage na Msolwa Ujamaa zimewapa watu mpunga usiotegemea huruma ya mvua. Mfereji uliosakafiwa kwa zege haupotezi maji njiani, na wa mwisho kwenye mstari naye anapata. Lakini ukuta wa zege ulionyooka hauna nyasi wala tope. Vyura wa matete wana vidole vinavyonata, wanapanda. Chura wa kawaida wa uani, yule mkubwa mwenye tezi za sumu nyuma ya macho, akitumbukia humo hatoki. Japani, ambako mashamba ya mpunga yalisawazishwa na mifereji ikasakafiwa katika karne iliyopita, tatizo hili linafahamika vizuri, na kuna sehemu wanazoweka vijia vya mteremko kwenye mifereji ili vyura wapande. Kijia chenyewe ni kipande cha zege kilichochongwa, basi.

Kisha kuna pawatila, lile trekta dogo la kushikwa kwa mikono, na kingo linazozikata. Zamani kati ya jaruba na jaruba kulikuwa na ukingo mpana wenye nyasi, njia ya kupita watu wawili. Sasa ardhi ni ghali na kila mwaka ukingo unakatwa kidogo, mpaka umebaki wa kupita mtu mmoja kwa tahadhari, nao unapigwa dawa uwe mweupe. Shamba likionekana hivyo mwenye shamba anasifiwa. Afisa ugani akipita anasifu. Na kweli nyasi za ukingoni zinaficha panya, sikatai. Ila ndimo Afrixalus alimokuwa akikunjia majani yake.

Na kuna kilimo shadidi, ambacho mimi mwenyewe nakipenda na nawafundisha wateja. Kilianzia Madagaska miaka ya 1980, kwa padri Mfaransa Henri de Laulanié, na huku Morogoro kilifanyiwa majaribio pale Mkindo, Mvomero. Unachukua mche mchanga wa siku nane mpaka kumi na mbili, unapandikiza mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25, na badala ya kulizamisha jaruba muda wote unaingiza maji, unaacha yakauke mpaka udongo uanze kupasuka, unaingiza tena. Mbegu inapungua, maji yanapungua, mashina yanachipua kwa wingi. Mabuu ya mbu nao wanakufa maji yakikauka, jambo kubwa kwa mji ambao malaria imeuzoea kama wetu. Lakini kiluwiluwi hajui kungoja zamu ijayo ya maji. Jaruba likikauka siku ambayo miguu yake bado haijaota, kizazi kizima cha jaruba hilo kimekwisha mchana mmoja, na kesho yake utawaona yangeyange wamejaa wakiokota.

Ongeza msimu wa pili. Mwenye maji ya mfereji analima mara mbili, kwa hiyo ile miezi ambayo ardhi ilitulia na chura aliyejichimbia ardhini hakuguswa na chuma haipo tena.

Kwa dunia nzima picha ni ileile kwa ukubwa wake. Tathmini iliyochapishwa na jarida la Nature mwaka 2023 ilipitia aina 8,011 za amfibia, yaani vyura na jamaa zao, na kukuta kwamba karibu 41% wamo hatarini kutoweka, kiwango kikubwa kuliko cha ndege au mamalia. Kati ya wale walio hatarini, kilimo kinawagusa 77%.

Wa bonde letu hawahitaji kwenda mbali kupata mfano. Mto Kihansi unashuka kutoka Udzungwa kuja kumwaga kwenye Kilombero hii hii. Vyura wa Kihansi, wadogo wa rangi ya dhahabu wanaozaa watoto hai bila kupitia kiluwiluwi, waligunduliwa mwaka 1996 kwenye ukungu wa maporomoko, eneo dogo kuliko mashamba ya baadhi ya wateja wangu. Kila Mtanzania anajua habari ya bwawa la umeme: maji yalielekezwa kwenye mitambo, ukungu ukapotea, ikabidi kufungwa mabomba ya kunyunyiza maji. Lisilojulikana sana ni kwamba baada ya kufungwa kwa mabomba hayo vyura waliongezeka tena, na Juni 2003 walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Miezi michache baadaye wakaporomoka, na Januari 2004 walioonekana ni watatu. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini.

Sababu zilizotajwa ni zaidi ya moja. Kuvu ya ngozi inayoua vyura duniani kote ilikutwa kwenye miili yao. Lakini katikati ya mwaka 2003 milango ya bwawa ilifunguliwa kusafisha tope, na maji yale yalishuka na mabaki ya dawa za wadudu kutoka mashamba ya mahindi ya juu, endosalfani ikiwamo. Endosalfani iliingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani. Wakulima wale wa juu hawakujua kwamba chini yao kuna chura wa namna hiyo. Walikuwa wanafukuza funza wa mabua. Waliookoa kizazi hicho ni wale vyura karibu 500 waliokuwa wamepelekwa Marekani, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, kabla ya maporomoko hayo ya idadi, na wajukuu wao ndio waliorudishwa Kihansi kuanzia 2012. Kwetu Ifakara hatuna vyura waliohifadhiwa popote kwa ajili ya siku kama hiyo.

Mteja mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi nina watoto wa kusomesha. Chura hanilipii ada." Nikamjibu kwa heshima, na jibu hilo nalirudia hapa.

India iliuza miguu ya vyura nchi za nje kwa miongo kadhaa, wengi wakikamatwa kwenye mashamba ya mpunga, mpaka serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1987. Bangladesh ikafuata miaka michache baadaye. Hoja kubwa ya waliodai marufuku ilikuwa kwamba wadudu wa mashambani wanaongezeka, na fedha ya kigeni iliyopatikana kwa vyura inarudi nje kununulia viuatilifu. Sitamdanganya mtu kwamba chura atamaliza kiwavijeshi. Hatamaliza. Lakini anakula kila usiku, halipwi, na wadudu hawamzoei kama wanavyoizoea dawa. Mimi naiona biashara ya dawa ya wadudu kwenye vitabu vyangu: mteja aliyeanza na chupa moja kwa ekari kwa msimu hashuki, anapanda. Mimi ndiye ninayepata faida hapo, naye ndiye anayetafuta ada.

Kuna la mbolea pia. Nchini Marekani watafiti walionyesha mwaka 2007 kwamba mbolea ikitiririkia kwenye mabwawa mwani unaongezeka, konokono wanaokula mwani wanaongezeka, na minyoo inayokulia ndani ya konokono hao inawaingia viluwiluwi, wanakua na miguu ya ziada au bila miguu. Minyoo ile si ya huku. Ila sisi tunaishi na kichocho, nacho kinapitia kwa konokono, na mwenye watoto wanaooga mferejini hana sababu ya kufurahia konokono wengi.

Mzee akaniuliza, basi nifanye nini, nisipulizie? Hapo nikamweleza habari za kisiwa cha Sado, Japani. Kule kulikuwa na kwarara anayeitwa toki, aliyetoweka kabisa porini Japani. Mwaka 2008 walipoanza kumrudisha, walijua hawezi kuishi kama mashamba ya mpunga hayana vyura na samaki wadogo wa kula. Wakulima wakakubaliana masharti: kupunguza dawa na mbolea za viwandani angalau kwa nusu, pamoja na kufanya jambo kama kuacha maji kwenye jaruba wakati wa baridi au kuchimba mfereji mwembamba pembeni ndani ya jaruba unaobaki na maji hata shamba linapokaushwa. Mchele wao unauzwa na cheti chake, kwa bei ya juu zaidi. Cheti hatuna na soko hilo hatuna, na sitaki kumwahidi mtu bei nisiyoweza kumpa. Lakini ule mfereji mwembamba hauhitaji cheti. Ni jembe na nusu siku ya kazi. Maji ya jaruba yakishuka viluwiluwi wanayafuata, wanakusanyika humo wakingoja zamu ijayo, na mpunga wako shadidi unaendelea kukauka kama kawaida.

Mzee huyo ameuchimba kwenye jaruba moja kati ya aliyonayo, lile la chini linalochelewa kukauka. Nilikwenda kuuona. Una kina cha kufika kwenye kifundo cha mguu wangu, na viluwiluwi walikuwamo, na mabuu ya mbu pia walikuwamo, jambo ambalo lazima nilitaje. Tumekubaliana achimbe wa pili na kuweka humo perege wadogo ili tulinganishe, ingawa najua perege naye anakula viluwiluwi. Hili bado linanitatiza na nimewauliza jamaa wanaofanya kazi za mbu hapa mjini wanishauri.

Mengine nayasema kila mara mtu akinunua bomba. Usilioshee mferejini, lisuuze mara tatu shambani na maji hayo uyapulizie palepale kwenye eneo la dawa. Usipige dawa jioni ya mvua za kwanza, kwa sababu usiku huo ndio vyura wote wa jirani wanatoka kwenda kutaga, na mvua itaifua dawa yako bure hata hivyo. Ukingo mmoja, ule ulio karibu na mto au bwawa, uache na nyasi zake. Ukiogopa panya zifyeke juu, usizichome kwa dawa. Kwa magugu ndani ya jaruba, kipalizi cha kusukuma kinafanya kazi nzuri ukiwa umepanda kwa mistari, na ninacho dukani cha kuazima.

Na kuhusu lebo, tazameni kitu kingine zaidi ya rangi. Karibu na huo mstari kuna picha ndogo: glovu, buti, kunawa mikono. Chupa nyingi zina pia picha ya samaki. Maana yake ni kwamba dawa hiyo inadhuru viumbe wa majini, isifike mtoni wala bwawani. Nimeanza kuzipanga rafu zangu kwa kufuata picha hiyo. Zenye samaki ziko upande wa kushoto pamoja, hata zile za mstari wa kijani, na anayenunua kutoka upande huo namuuliza shamba lake liko umbali gani na maji. Kwa mkulima wa majaruba jibu huwa moja, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Kamati ya maji ya skimu moja ya jirani imenikaribisha kwenye kikao chao cha kabla ya kuandaa vitalu. Nitaomba vitu viwili: vijia vya mteremko kwenye sehemu ya mfereji itakayosakafiwa mwaka huu, na jaruba kumi za majaribio zenye mfereji wa pembeni. Fundi amenikadiria gharama ya kijia kimoja kuwa chini ya bei ya lita moja ya dawa ya wadudu. Aliye kwenye skimu nyingine na amewahi kujaribu chochote kati ya haya, hata kama kilishindikana, aniandikie kabla ya kikao nikaseme na hayo.